Utani Una Masharti: Barua ya Wazi kwa Mashabiki Wanaokwenda Mkwakwani

Kwa: Viongozi na wanachama wa matawi ya mashabiki wa soka yanayosafiri na timu zao kwenda Tanga

Siku timu kubwa kutoka Dar es Salaam inapocheza na Coastal Union, mabasi ya mashabiki huanza kuingia Tanga tangu asubuhi. Nyumba za wageni hujaa, wauza samaki na mihogo hufanya biashara ya wiki nzima kwa siku moja, na kuelekea jioni jukwaa la wageni katika Uwanja wa Mkwakwani huwa limeshapambwa kwa rangi zao. Hiyo ni neema kwa mji, na wenyeji wanaijua hivyo. Kisha nyimbo huanza. Zipo zinazomhusu kipa aliyeteleza, mshambuliaji aliyekosa bao la wazi, au msimamo wa ligi. Zipo nyingine zisizouhusu mpira hata kidogo. Hizo huuimba mji wenyewe: kwamba Tanga ni njaa tupu, kwamba viwanda vyake vimebaki magofu, kwamba watu wake wamelala na hawapendi kazi, kwamba hawajui kingine zaidi ya mapenzi na limbwata, ile dawa ya kumfunga mpenzi.

Barua hii inahusu nyimbo za aina ya pili. Anayeziimba akiulizwa hujitetea kwa neno moja, utani, na akishalitamka huona shauri limekwisha. Kwa hiyo neno hilo ndilo la kuanza nalo.

Utani, kwa namna ulivyoishi katika nchi hii, ni uhusiano wenye haki na wajibu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa kuazima neno hilohilo. Miongoni mwa walioandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika ni R. E. Moreau, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa ndege na aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga. Makala zake zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Maelezo ya utani wa aina hiyo, yake na ya wengine, yanakubaliana katika mambo ya msingi. Mara nyingi uhusiano huo ulizaliwa na vita vilivyokwisha kwa mapatano, au na misafara ya biashara, ambamo mgeni alihitaji mtu wa kumpokea katika nchi ya watu. Ulikwenda pande zote mbili: mwenye ruhusa ya kutukana alikuwa na wajibu wa kutukanwa bila kununa. Na ulidaiwa zaidi siku ya msiba. Mtani alifika kwenye matanga, akaigiza mwendo na sauti ya marehemu mpaka wafiwa wakacheka katikati ya machozi, akadai zawadi yake; lakini pia alichimba kaburi, akateka maji, akapika. Kejeli na kazi vilikwenda pamoja. Aliyecheka njaa ya nyumba ndiye aliyetarajiwa kuiletea debe la unga kabla ya wengine wote.

Kipimo hicho kikiwekwa mbele ya nyimbo za Mkwakwani, sehemu moja inapita na nyingine inakwama. Kejeli ya bao inapita: leo Tanga imefungwa, kesho itafunga, na zamu inabadilika. Kejeli ya umaskini haina zamu. Shabiki anayetoka katika jiji lenye bandari kuu ya nchi, lenye makao ya mabenki na kampuni nyingi, anamcheka mtu ambaye hana la kumrudishia kwa kipimo hichohicho, kisha anapanda basi lake usiku na kuondoka. Huko si kutania. Huo ni ubabe uliovishwa kanzu ya utani.

Lakini zaidi ya kukosa adabu, nyimbo hizo zinakosa ukweli, na hapo ndipo penye haja ya maelezo marefu. Zinaichukua hali ya mji na kuifanya tabia ya watu wake. Njaa inayoimbwa Mkwakwani ina tarehe zake, ina bei zake, na ina maamuzi yaliyofanywa mbali na mitaa ya Tanga kama Ngamiani.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ikapandwa Kikokwe, upande wa Pangani, ni 62 tu. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, reli ya kwanza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kutokana na miche ile 62 mkonge ulisambaa kando ya reli, ukashika Muheza na Korogwe, ukavuka mipaka ya mkoa. Nchi ilipopata uhuru, mkonge ndio uliokuwa zao linaloongoza kuiingizia fedha za kigeni. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000, na hapakuwa na nchi duniani iliyotoa mkonge mwingi kuliko Tanzania.

Kazi iliyozalisha tani hizo inafaa kuelezwa kwa wanaosema kwamba watu wa Tanga hawapendi kazi. Jani la mkonge ni refu na zito, na mwiba wake wa nchani hutoboa nguo na ngozi. Mkataji alikata majani kwa kisu, akayahesabu, akayafunga mafungu na kuyapanga kando ya njia ya tololi, na siku yake haikuhesabiwa mpaka atimize idadi aliyopangiwa. Majani yalipelekwa kwenye korona, mashine iliyoyasaga na kuyaosha hadi ikabaki singa. Nyama ya jani iliyotoka humo iliwasha mikono na kunuka kambi nzima. Singa zikaanikwa juani, zikapigwa brashi katikati ya vumbi linalokaba kifua, zikafungwa marobota, zikapelekwa bandarini.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wenyeji na wageni. Wageni waliletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea, Njombe, nchi ya Wamakonde, hata Burundi na Rwanda. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba katika daftari la shamba kabla ya kuwa jina. Wengi wao mkataba ulipokwisha hawakurudi kwao. Wakaoa, wakajenga, wakazika. Tanga husifiwa kuwa mji wa waja leo, waondoka leo, ilhali nusu ya hadithi yake ni ya watu waliokuja kwa miezi michache wakabaki maisha. Hapo pia ndipo panapopatikana jibu la wimbo wa limbwata. Mji wenye bandari, reli na mashamba makubwa huvuta vijana wa kiume kutoka kila upande, na vijana hao huoa walipo. Ndugu waliobaki nyumbani, wakimngoja mtoto asiyerudi, waliona ni heri kuusingizia uchawi kuliko kukubali kwamba amepata kazi, mke na kiwanja penginepo.

Kuanguka kulikuja kwa hatua. Katika miaka ya 1960 kamba za plastiki zilianza kuchukua nafasi ya kamba za katani katika mashamba ya Ulaya na Marekani, hasa kamba za kufungia majani ya mifugo, na bei ya mkonge ikaporomoka. Brazil nayo ilikuwa sokoni na mkonge wake. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha zaidi ya nusu ya mashamba. Wapo wanaoliwekea lawama zote tukio hilo, na wapo wanaoiwekea bei ya dunia lawama zote. Kwa haki, bei ilianza kushuka kabla ya kutaifishwa, na uendeshaji uliofuata haukuweza kuistahimili. Mkonge una hila moja inayowadanganya wasimamizi. Hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingi kabla ya kutoa mlingoti na kufa. Shamba lisilopandwa upya mwaka huu halionyeshi pengo mwaka huu. Pengo huonekana baadaye, kwa mkupuo, wakati hakuna tena fedha ya kulijaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa takriban tani 20,000, chini ya sehemu moja kwa kumi ya kile kilichotolewa mwaka 1964.

Hakuna mji unaopoteza kiasi hicho ukabaki kama ulivyokuwa. Korona zilipozimwa, mishahara ilikoma kambini, kisha dukani, kisha kwa fundi cherehani. Viwanda vya mjini, vikiwemo vya mbolea, chuma na sabuni, vilipata matatizo ya mitambo, malighafi na mtaji yaliyovipata viwanda vya umma kote nchini katika miaka ya 1980, na kimoja baada ya kingine vikafunga au vikapungua. Reli ya kwenda Moshi ilinyamaza kwa miaka mingi. Bandari nayo ilikuwa na kilema cha maumbile: kina karibu na gati kilikuwa kidogo, hivyo meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikasafirishwa kwa matishari. Mwenye mzigo aliyekuwa na haraka alikwenda Dar es Salaam au Mombasa. Mtu wa Chumbageni au Ngamiani aliyezaliwa mwaka 1980 hakuhusika na uamuzi hata mmoja kati ya hayo. Aliyakuta.

Mpira ulifuata mkondo huo. Coastal Union ilianzishwa mwaka 1948. Mashabiki wake huiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, kwa lugha za watu wa milima na mabonde ya mkoa huo. African Sports, Wana Kimanumanu, ni kongwe zaidi. Mwaka 1988 Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Enzi hizo ubingwa kutoka nje ya Dar es Salaam haukuwa muujiza: Mseto ya Morogoro iliuchukua mwaka 1975 na Tukuyu Stars mwaka 1986. Tangu Mtibwa Sugar ilipotwaa taji la mwaka 2000, ubingwa haujatoka mikononi mwa Simba na Yanga isipokuwa mara moja, mwaka 2014, Azam ilipouchukua, nayo ni ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kilichoipata Coastal Union kiliipata mikoa yote. Fedha za soka zilihamia zilikohamia fedha nyingine, na kijana mwenye kipaji alizifuata.

Mwisho wa msimu wa 2015/16 ulikuwa mchungu kuliko yote. Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za Tanga katika Ligi Kuu, zilishuka daraja kwa pamoja. Timu zilizoshuka msimu huo zilikuwa tatu, na zote zilikuwa za mkoa mmoja. Ni wazi kwa nini jambo hilo lilizaa nyimbo, na nyimbo za kushuka daraja ni halali kabisa. Kisichokuwa halali ni beti zinazoongezwa chini yake, zinazodai kwamba timu zilishuka kwa sababu mji umelala.

Mji uliolala haungerudi baada ya misimu miwili. Coastal Union ilicheza tena Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2018/19. Tarehe 2 Julai 2022, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga na kutoka sare ya mabao 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na mchezaji mmoja, Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu. Yanga ilishinda kwa penalti. Kocha wa Coastal siku hiyo alikuwa Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea klabu hiyohiyo. Miezi michache baadaye alikabidhiwa kikosi cha Simba. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola, iliyoshinda 3-0 nyumbani kwake kabla ya sare tasa katika marudiano. Kwa klabu yenye uwezo mdogo wa fedha, hayo ni mafanikio ya kutosha.

Limebaki suala la kulala. Mgeni anayeshuka kwenye basi Tanga huona mji tulivu: mitaa ya Ngamiani iliyonyooka, inayoitwa kwa namba, baiskeli nyingi, foleni chache za magari. Baiskeli zimegeuzwa kuwa kielelezo cha uchovu wa mji. Sababu zake ni za kawaida mno. Ardhi ni tambarare, umbali ni mfupi, na nauli ni fedha ambayo inaweza kununua mkate. Anayepiga pedeli kilomita nane kwenda kazini alfajiri hawezi kuitwa mvivu na mtu aliyekaa ndani ya daladala. Utulivu wenyewe umewadanganya wengi, maana kazi za Tanga nyingi hazifanyiki barabarani. Zinafanyika Muheza, kwenye michungwa inayolisha masoko ya Dar es Salaam. Lushoto, kwenye mabustani ya kabichi na karoti zinazoteremshwa usiku kwenda Kariakoo. Kwa wafugaji wadogo wanaopeleka maziwa asubuhi kwenye kiwanda cha Tanga Fresh. Na Pongwe, kwenye kiwanda cha saruji. Saruji hiyo huuzwa kwa jina la Simba. Bila shaka imo katika kuta za nyumba nyingi ambamo nyimbo za njaa ya Tanga hutungiwa.

Hata lugha ya nyimbo hizo ina deni. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapishwa Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20, katika shule ya serikali iliyokuwa ikifundisha makarani na walimu wa koloni zima. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa katika udongo wa nyumbani. Kila shabiki aliyemaliza shule nchini amepita mikononi mwake. Katika muziki, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa bendi za Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Kenya na kuunda Simba Wanyika. Black Star na Lucky Star zilibadilisha mwendo wa taarabu ya pwani. Kupiga vijembe kwa ubeti na kibwagizo, kama wafanyavyo mashabiki jukwaani, ni ufundi ambao taarabu ya Tanga iliunoa kwa miaka mingi kabla jukwaa halijauchukua.

Hali ya sasa si ile ya miaka ya 1990, ingawa haifai kupambwa kupita kiasi. Uboreshaji wa bandari, uliogharimu takriban shilingi bilioni 429, umechimba lango na gati mbili zenye urefu wa mita 450 hadi kina cha mita 13, na meli zinafunga gatini badala ya kungojwa na matishari. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini mwa jiji. Jiwe la msingi liliwekwa huko Agosti 2017. Treni za mizigo zilirudi katika reli ya Tanga na Moshi mwaka 2019. Mkonge umeanza kupanda tena, safari hii wakulima wadogo wakishiriki, lakini bado ni sehemu ndogo ya ule wa zamani. Bomba halitaajiri watu kwa maelfu kama yalivyofanya mashamba, na gati refu halimfikii moja kwa moja kijana wa Makorora asiye na mtaji. Tanga bado ina shida. Anayekanusha shida hiyo ili kuulinda mji anafanya kosa lilelile la anayeiimba: wote wawili wanadhani shida ni aibu ya aliye nayo.

Kinachoombwa kwa matawi ni kidogo na kinatekelezeka. Nyimbo za safari hupangwa kabla ya safari. Viongozi huzijua, na mara nyingi huzianzisha wenyewe ndani ya basi. Zile za njaa, usingizi na limbwata ziachwe huko huko ndani ya basi. Mashabiki wa Coastal nao wanabanwa na sharti hilohilo wanapokwenda Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam: mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, yanayowatoa watu majumbani mwao kila mvua kubwa inaponyesha, si wimbo wa mpira, hata timu ya mji huo ikiwa imefungwa mabao matano. Na anayeshikilia kwamba yeye ni mtani wa Tanga kweli anajua wajibu unaoambatana na cheo hicho. Wakati wa msiba, ukame au ajali, anangojwa mlangoni na mchango wake, na akifika nao ataruhusiwa kusema mengi.

Mengine yote yabaki. Kushuka daraja kwa timu tatu mwaka 2016 kuimbwe. Penalti za Arusha ziimbwe. Mabao matatu ya Bravos yaimbwe kwa sauti yoyote ile, maana Coastal Union ilifungwa kweli.